Baiskeli ya Karani wa Mizani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ukarabati

Kisa ninachokichambua hapa ni cha baiskeli moja ya Raleigh iliyokuwa mali ya babu yangu mzaa baba. Baada ya mazishi yake mwaka 2004 iliegemezwa kwenye ukuta wa ghala la nyumbani Ngudu, wilayani Kwimba, ikakaa pale miaka 19 pasipo mtu kuigusa. Mwaka 2023 familia ilipokutana kugawana vilivyobaki, kila kitu kilipata mwenyewe isipokuwa baiskeli hiyo, kwa kuwa kila aliyeitaka alikuwa na sababu yake: mmoja aliitaka iwe pambo la sebuleni, mwingine alitaka kuiendesha, na shangazi alitaka tu isiuzwe kwa kilo pamoja na mabati chakavu. Mimi nilikabidhiwa kazi ya kuifufua, na ikanichukua miezi 7. Naeleza tulichokikuta, tulichoamua na sababu zake, pamoja na makosa niliyoyafanya, kwa sababu baiskeli za namna hii zimo katika maghala mengi ya Usukuma, Unyamwezi na kwingineko, na kwa nilivyoona, zinazoharibiwa na wanaozipenda si chache kuliko zinazoharibiwa na kutu.

Babu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Anayeijua historia ya Jimbo la Ziwa, kama lilivyoitwa wakati wa ukoloni, anaujua uzito wa kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na lalamiko hilo ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuunda vyama vyao wenyewe, hata ilipofika mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na shirikisho lao, VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), ambalo kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Paul Bomani. Karani wa mizani ndiye aliyesoma uzito mbele ya mkulima na kuuandika, na katika msimu wa mauzo alitakiwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa njia zinazokatiza udongo mweusi wa mbuga. Kwa hiyo kitu tulichokuwa nacho mkononi kilikuwa kwanza chombo cha kazi, ingawa katika miaka ile Raleigh yenye gia tatu ilikuwa fahari pia.

Swali la kwanza lilikuwa la umri wake. Baba mkubwa alishikilia kwamba ilinunuliwa mwaka wa Uhuru, 1961. Shangazi, ambaye ni wa kuzaliwa mwaka 1955, alisema yeye aliikuta. Namba iliyopigwa kwenye fremu haikutusaidia, kwa kuwa namba za Raleigh za miaka ile hazina mfuatano unaoweza kutegemewa. Kilichosaidia kilikuwa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Nilipoifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, chini ya tabaka la vumbi lililogeuka gome, zilitokea herufi AW na pembeni yake tarakimu 54 na 11. AW ni aina ya habu ya gia tatu iliyotengenezwa na Sturmey-Archer wa Nottingham, mji uleule wa Uingereza ambako Raleigh zenyewe zilitengenezwa, na tarakimu zile ni mwaka na mwezi: Novemba 1954.

Hata hivyo, alama ya namna hiyo inasema jambo moja tu, yaani kwamba baiskeli haikuweza kuuzwa kabla ya tarehe hiyo. Haisemi iliuzwa lini, wala haizuii uwezekano kwamba habu ilitolewa kwenye baiskeli nyingine. Ndiyo sababu tuliitafuta picha. Shangazi alikuwa nayo moja, imeliwa na mchwa kona mbili, ikimwonyesha babu amesimama ameshika usukani, na mtoto wa kike wa takriban miaka mitatu ameketi kwenye keria. Mtoto huyo ni yeye. Picha basi ni ya mwaka 1958 au karibu na hapo, na hoja ya 1961 ikaanguka. Baba mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba labda aliyoikumbuka ilikuwa sherehe, si ununuzi.

Picha ile ilitufaa kwa jambo kubwa kuliko tarehe. Ilituonyesha baiskeli ilivyokuwa kabla haijapitia mikono ya mafundi: kava la cheni lililofunga pande zote, taa ya mbele, siti ya ngozi isiyo na kiraka, keria ya kawaida. Kila tulichokikuta mwaka 2023 ambacho hakimo pichani kilikuwa kimeongezwa na babu au kwa amri yake, na hapo ndipo mgogoro wa kazi hii ulipoanzia.

Hali tuliyoikuta ilikuwa hivi. Paa la ghala lilikuwa likivuja upande mmoja, kwa hiyo mbele kulikuwa na kutu kuliko nyuma. Ringi ya mbele, pale ilipogusa sakafu ya udongo, ilikuwa imeliwa hadi msumari ukapenya. Taa haikuwepo. Kava la cheni lilibaki nusu. Rangi nyeusi, ile iliyochomwa kiwandani kwenye tanuru, ilikuwa nzima kwa sehemu kubwa chini ya uchafu, na mistari ya dhahabu kwenye madigadi ya nyuma ilionekana. Keria ilikuwa imeongezwa vipande viwili vya nondo vilivyochomelewa na kupakwa rangi ya kijani, rangi ileile iliyopakwa milango ya nyumba. Bomba dogo la nyuma upande wa kushoto, linaloshuka kutoka chini ya siti hadi kwenye ekseli, lilikuwa na mstari wa shaba wa mviringo kama pete, mahali lilipowahi kupasuka likaungwa. Siti ilikuwa imeshonewa kipande cha mpira wa tairi. Kwenye habu ya nyuma, kimnyororo chembamba kinachovuta gia kilikuwa kimefungwa kwa waya wa kawaida kwenye bomba la fremu. Waya huo niliukata siku ya kwanza, nikautia kwenye bahasha na kuandika juu yake “waya, kazi yake haijulikani”. Nitaurudia.

Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyejitolea kulipa gharama kubwa kuliko wote, alipendekeza katika kundi la WhatsApp la ukoo kwamba fremu ipigwe msasa hadi chuma, ipakwe rangi mpya, vyuma vyote vipakwe kromu, keria ya nondo itupwe na siti mpya inunuliwe. Alituma picha za baiskeli zilizofanyiwa hivyo Ulaya, zinang'aa kama za dukani. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba kumheshimu babu ni kuirudisha katika hali aliyoinunua, siku aliyokuwa kijana na fedha ya pamba mfukoni. Wengi walimuunga mkono.

Mimi nilipinga, na nieleze kwa nini, maana hiki ndicho kiini cha kisa chote. Baiskeli ya dukani babu aliimiliki kwa miaka michache tu. Ile aliyoimiliki kwa karibu miaka 50 ni hii yenye nondo na kiraka. Rangi ya kiwandani ikishapigwa msasa hairudi. Unaweza kupaka nyingine nzuri kuliko ya kwanza, lakini haitakuwa na mkwaruzo ulioachwa na kamba ya magunia, wala herufi mbili za kwanza za jina lake alizoziandika kwa mkono wake kwenye kava la cheni, kwa rangi nyeupe na mwandiko uleule wa vitabu vya mizani. Isitoshe, uamuzi wa kutopaka rangi unaweza kubatilishwa mwakani au baada ya miaka 10, lakini uamuzi wa kupiga msasa haubatiliki kamwe. Mabishano yalidumu wiki mbili na aliyeyamaliza ni shangazi. Alituma ujumbe wa sauti mfupi: “Wanangu, mkiifuta hiyo rangi mtanunua baiskeli nyingine. Hiyo haitakuwa ya baba.” Binamu alikubali, na kwa haki yake niseme kwamba hakupunguza mchango wake hata shilingi.

Tukakubaliana kanuni tatu za kazi, nazo ni kusafisha bila kung'arisha, kubadilisha kile tu ambacho kikiachwa kitamwangusha mtu, na kuhifadhi kila kilichotolewa. Kanuni ya kwanza niliivunja mwenyewe ndani ya juma moja. Nilikuwa nimesafisha madigadi na bomba la juu kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya taa, na matokeo yalikuwa mazuri. Nilipofika kwenye bomba la siti nilikuta grisi ngumu, na kwa haraka nikachukua petroli. Stika za zamani zilifunikwa kwa vanishi, na petroli huilegeza vanishi hiyo mara moja. Pamba ilitoka na rangi ya manjano, na nilipoitazama stika, herufi nne za mwisho za jina la Nottingham hazikuwepo tena. Ilichukua sekunde kumi kufuta kilichodumu miaka 69. Ningejaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya madigadi, kama nilivyofanya kwa mafuta ya taa, hasara hiyo isingetokea. Sehemu hiyo nimeiacha wazi hivyohivyo, sikuichora upya.

Vyuma vidogo vyenye kutu, yaani nati, fimbo za breki na mikono ya pedali, tuliviloweka katika maji yenye unga wa asidi ya limau kwa saa chache, tukavisugua kwa brashi ya nailoni, kisha tukavisuuza kwa maji yenye magadi ili asidi isibaki. Springi hatukuzitia humo, kwa kuwa asidi huweza kukifanya chuma kilichokazwa kiwe chepesi kukatika. Penye kromu iliyobanduka tulitumia karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji, ambayo hula kutu bila kukwaruza. Nembo ya shaba ya mbele, yenye kichwa cha korongo ambacho Raleigh walikifanya alama yao, shangazi aliisafisha mwenyewe kwa ukwaju, kama anavyosafisha vyombo vyake vya shaba, na sikuona sababu ya kumzuia. Mwishoni rangi yote ilipakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, tabaka jembamba, ambayo inazuia unyevu na inaweza kuondolewa siku yoyote.

Suala la bomba lililoungwa lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa hapo heshima kwa mkono wa fundi wa zamani inagongana na usalama wa anayepanda. Nilitaka kujua kama ufa ulikuwa umeendelea chini ya shaba. Fundi mmoja mzee wa Mwanza, ambaye ndiye aliyefanya kazi ngumu zote za kisa hiki, alinionyesha kipimo kisicho na gharama. Alipaka mafuta ya taa mahali palipoungwa, akaacha nusu saa, akafuta hadi pakauka kabisa, kisha akapasugua kwa unga wa chaki. Penye ufa mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Tulisubiri hadi adhuhuri. Chaki ilibaki nyeupe. Aliyeunga bomba lile, popote alipo, aliunga kazi ya kudumu, na hatukuigusa. Keria ya nondo nayo ilibaki. Ni nzito, imeharibu umbo la baiskeli, na bila shaka mizigo iliyobebwa juu yake ndiyo iliyolipasua bomba hilo. Lakini ndiyo iliyobeba mpunga uliolipa ada za shule za watu walewale waliotaka itupwe.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo mafundi wengi huharibu Raleigh za zamani bila kujua. Ekseli ya pedali hushikwa na vikombe viwili vya gololi vinavyoingia kwa hesi, yaani mistari ya skrubu, ndani ya fremu, na kila upande una gololi 11 za robo inchi. Ili kuvifikia ni lazima kwanza kuzitoa kotapini zinazobana mikono ya pedali. Ya kushoto ilitoka kwa jiriwa, kwa kubanwa taratibu. Ya kulia, ambayo zamani iliwahi kugongwa nyundo pasipo kuegemezwa, ilikuwa imepinda ndani, na tulilazimika kuitoboa kwa drili kwa muda wa siku nzima, milimita baada ya milimita, ili tusiuguse mkono wenyewe, maana duara la meno lililoshikamana nao limekatwa kwa umbo la korongo watatu na halipatikani madukani leo.

Kikombe cha kushoto kilikuwa na vishimo. Kipya tulichonunua sokoni kilikuwa na kipenyo kilekile, na mtu aliyekiuza alitueleza kwamba kinaingia kwenye baiskeli zote. Kilianza kuingia, kikazunguka mzunguko mmoja na nusu, kikakaza. Msaidizi wa fundi alichukua spana ndefu. Mzee alimshika mkono, akakitoa kikombe na kukilaza ubavu kwa ubavu na kile cha zamani, hesi kwa hesi, mbele ya dirisha. Kwa mizunguko michache ya kwanza zilioana, kisha zikaanza kupishana. Raleigh walitumia hesi 26 kwa kila inchi; kikombe kipya kilikuwa na 24. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya haraka, na chuma kipya kikilazimishwa kwa spana kitaingia kweli, kikizikata hesi za fremu njia nzima, na tangu siku hiyo hakuna kikombe kitakachokaa tena bila kulegea. Fremu nzima inakuwa imekufa kwa sababu ya kipande cha chuma cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana.

Tulikipata cha kufaa kwa wauza vyuma chakavu, kwenye fremu ya Raleigh nyingine iliyopondwa ikisubiri kupelekwa kuyeyushwa. Tuliinunua fremu hiyo yote kwa uzito wake, tukatoa vikombe, ekseli na gololi, na mabaki tukamwachia fundi. Najua mwenye fremu ile naye alikuwa na watoto na wajukuu.

Habu ya nyuma ilistahili siku zake tatu. Ndani ya AW kuna gia ya katikati yenye meno 20, ambayo ni sehemu ya ekseli na haizunguki. Kuna gia nne ndogo zinazoizunguka, na kuna duara la nje lenye meno 60 upande wa ndani. Kwa hesabu hiyo gia ya tatu inalizungusha gurudumu mara moja na theluthi kwa kila mzunguko wa gia ya cheni, gia ya kwanza inalizungusha robo tatu ya mzunguko, na gia ya pili inapeleka nguvu moja kwa moja pasipo kupitia meno hayo. Gurudumu hukamatwa kwa vikucha vidogo vyenye springi nyembamba kama unywele. Katika gia ya pili na ya tatu, vikucha vya gia ya kwanza huachwa nyuma na kurukaruka juu ya meno yao, na ndipo unaposikia mlio wa tiki-tiki-tiki hata wakati mtu anaendelea kukanyaga.

Mlio huo ulikuwa ushahidi wetu. Shangazi alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba wao wakiwa watoto walijua baba yao anarudi kwa kusikia baiskeli “inahesabu” kabla haijaonekana. Mimi nilipolizungusha gurudumu mara ya kwanza, halikutoa sauti yoyote. Hapo nilijua, kabla ya kufungua chochote, kwamba vikucha vimenata. Na kweli, mtu aliwahi kujaza humo grisi nzito ya magari, ikageuka nta. Habu hii haitaki grisi ndani ya gia zake, inataka mafuta mepesi, matone machache yanayotiwa kupitia kitundu chenye kifuniko kilichowekwa juu yake kwa kazi hiyo. Kabla ya kuifungua tuliweka alama ya msumari mahali pete ya gololi ya upande wa kulia inapokutana na habu, kwa sababu hesi yake ina mianzo miwili, na ikirudishwa kwa mwanzo usio wake gurudumu linaweza kukaa upande. Ndani, baada ya kuosha, meno yote yalikuwa yanang'aa, kingo zake kali kama siku yalipokatwa. Nilifurahi bila kujiuliza inakuwaje habu iliyofanya kazi miaka mingi hivyo isiwe na meno yaliyolika. Swali hilo lilipaswa kunijia wakati uleule.

Magurudumu nitayapitia haraka. Saizi ya 28 kwa moja na nusu ndiyo ileile ya baiskeli za Kihindi na za Kichina zinazotumika hadi leo vijijini, kwa kuwa zilinakili umbo hili la Kiingereza, hivyo tairi, tyubu na ringi mpya ya mbele yenye matundu 32 tulivipata Mwanza siku hiyohiyo. Ya nyuma ina matundu 40 na tuliibakiza, ikiwa na spoki zake zote isipokuwa saba. Jambo moja sitalisahau. Mzee alipomaliza kuzikaza spoki hakutumia kipimo chochote, bali alizigusa moja moja kwa kucha akisikiliza, kama mtu anayetafuta sauti ya zeze, na kila aliposikia iliyo chini ya wenzake alirudi nyuma kuikaza robo mzunguko. Ringi ilipozunguka mbele ya raba za breki, ambazo katika breki hizi za fimbo hubana upande wa ndani unaotazama habu, nafasi haikubadilika popote.

Siti tuliifanyia kidogo sana. Kiraka kile kilishonwa na mshona katambuga: mshono ni uleule, uzi mnene, tundu kwa tundu, na mgongo wa kiraka bado una alama za kashata za tairi la lori. Ngozi ya chini yake imechanika pale ilipokutana na ripiti, na boliti ya mbele ya kuivuta ikikazwa itakatika yote. Tuliipangusa, tukaipaka nta yenye mafuta kidogo ya ng'ombe upande wa chini, na boliti hatukuigusa. Gharama ya uamuzi huu ni kwamba baiskeli haiwezi kwenda safari ndefu, na kila mwanafamilia ameelezwa hivyo.

Majaribio tuliyafanya Ngudu. Tulikuwa tumefunga kebo mpya ya gia, tumesafisha swichi yake ya usukanini, na nikairekebisha kama inavyotakiwa: katika gia ya pili, mwisho wa kifimbo kinachounganishwa na kimnyororo uwe sawasawa na mwisho wa ekseli, ukiutazama kupitia dirisha la nati ya kulia. Mdogo wangu alipanda, akazunguka uwanja, akaelekea kwenye kimwinuko cha kisima akiwa amesimama juu ya pedali. Katikati ya mwinuko pedali zikaanguka tupu, kama zimekatika, akagonga usukani kwa kifua na kuanguka ubavu. Hakuumia sana, lakini alikaa chini kwa muda pasipo kusema neno.

Sababu yake ilikuwa kebo mpya iliyokuwa imelegea kidogo kwa mzigo wa kwanza. Katika AW, kati ya gia ya pili na ya tatu, kuna nafasi tupu ambapo hakuna kinachokamata, na kebo ikilegea kiasi kidogo tu, habu inaangukia humo wakati wowote, hasa mtu anapokanyaga kwa nguvu. Nilipokuwa nikiikaza upya, nikiwa nimepiga magoti, macho yangu yalikuwa mahali palepale ambapo ule waya ulikuwa umefungwa, na nikaelewa. Waya ule haukuwa takataka. Babu, akiwa na gunia kwenye keria na mwinuko mbele yake, bila shaka aliwahi kuanguka kama mdogo wangu, na akaamua kwamba gia mbili za ziada hazina thamani kuliko kifua chake. Aliuvuta mnyororo hadi kwenye gia ya pili, akaufunga hapo kwa waya usiolegea, na akaendesha hivyo. Ndiyo maana meno yalikuwa mapya: katika gia ya pili hayabebi mzigo.

Nilikwenda kuichukua bahasha. Kabla ya kufunga chochote tuliinua gurudumu la nyuma mbele ya shangazi, na mdogo wangu akazungusha pedali katika gia ya tatu. Alisikiliza, akatikisa kichwa: “Hapana, ilikuwa haiendi mbio hivyo.” Nikashusha hadi ya pili, mlio ukapungua mwendo. Alinyamaza, kisha akasema, “Hiyo.”

Kebo mpya nimeiondoa na kuitia kwenye sanduku la bati pamoja na ringi ya zamani, kotapini iliyotobolewa, kikombe chenye vishimo na daftari la kila tulichofanya kwa tarehe. Kimnyororo kimefungwa kwa waya uleule, mahali pale pale, kwa mzunguko uleule wa mara tatu ambao mkunjo wa waya wenyewe ulituonyesha. Baiskeli inakaa kwa shangazi, ndani ya nyumba, imeinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao ili tairi zisiguse sakafu, na baba mdogo anaitia habu matone manne ya mafuta kila mwanzo wa mwezi.